Kopo la Nne

Chumba cha Wadudu, makumbusho
6 Februari

Wifi,

Usishtuke kuona barua. Simu ipo, najua, lakini nikikupigia unaishia "ndiyo, ndiyo, hajambo", kwa sababu kitanda chake kiko hatua mbili kutoka unaposimama, na masikio ya kaka ndiyo kitu pekee ambacho kiharusi hakikugusa. Akiuliza hii barua ya nini, mwambie nakufundisha kushona.

Nimechoka, wifi. Mwisho wa Juni nastaafu, na badala ya kuniacha nipanguse meza yangu kwa amani, wameniachia orodha. Ni orodha ya nondo wa nyasi wote tulio nao humu: droo arobaini na mbili za vidudu vya rangi ya majani makavu. Ukivitazama kutwa unafika nyumbani unaona hata mkate una mabawa. Kila mmoja inabidi nieleze ni spishi gani, yuko jenasi ipi, kiwavi wake anakula mmea gani, na kwa nini tuamini ni spishi kweli na siyo macho ya mtu yaliyochoka. Tarehe 15 Juni orodha inakwenda kuchapwa, iwe isiwe.

Sasa nimefika droo ya thelathini. Unajua aliyemo. Nondo wa kaka, aliyempa jina langu mimi dada yake, jina likatiwa mkia wa Kilatini na wenzangu wakanitania mwezi mzima. Tangu siku hiyo amehamishwa jenasi mara mbili, kama mpangaji asiyetakiwa na mtu, lakini bado anahesabiwa spishi. Mzee mmoja wa kamati anasema si spishi. Anasema ni yule nondo wa kawaida wa ukoka aliyejaa kila uwanja, basi. Nimewaweka wote wawili chini ya hadubini, nimewapasua matumbo, nimelinganisha mpaka shingo imekakamaa. Tofauti ipo, ila ni ndogo kiasi kwamba asubuhi naiona na mchana siioni. Vipimo vya vinasaba usiniulize. Mashine tunayo, imefunikwa shuka tangu mwaka juzi.

Kinachowatenga ni chakula. Kiwavi wa kawaida anakula ukoka. Kaka aliandika kwamba wa kwake anakula zile nyasi ndefu za bondeni kwenu, zenye vishada vyekundu, na kwamba aliwafuga kwenye makopo mpaka wakatoka nondo. Nguzo ni hiyo, nyingine hakuna. Ikianguka, nondo wake anafutwa. Jina linabaki mstari mmoja wa herufi ndogo chini ya jina la mwenzake, na alama ya sawasawa mbele yake.

Wale nondo ulionitumia mwaka mpya walitaga vizuri. Nikawapa viwavi nyasi za vishada vyekundu, wakafa wote. Naomba mambo mawili. Nitumie majike wengine. Na umuulize kaka, kwa namna yako, aliwalishaje hasa. Habari za kufutwa usimwambie kabisa. Mwambie natengeneza orodha na yeye yumo.

Halafu niambie anaendeleaje. Na usinipe "hajambo".

Wifi yako wa makabati


Nyumbani
17 Februari

Wifi wa makabati,

Barua imefika. Aliuliza ya nini, nikasema ya kushona. Akaniangalia, akasema kwa ule mdomo wake wa upande mmoja, "Wewe? Kushona?" Kwa hiyo akili yake haijaenda popote.

Umetaka ukweli. Namgeuza kila baada ya saa mbili, ubavu huu, ubavu ule, ngozi isichubuke. Shuka tatu kwa siku. Kumeza ni kazi, kijiko kimoja kinachukua dakika nzima, na akipaliwa naanza upya. Mgongo sina tena. Daktari alikuja Jumatatu, akaniita kando pale bombani, akasema tumpe anachotaka na tusimsumbue na hospitali. Unaelewa maana yake. Mimi nilielewa, nikarudi kumalizia kufua.

Tangu nimwambie kwamba unatengeneza orodha, kila asubuhi nikifungua dirisha anauliza neno moja tu. "Orodha?" Namjibu bado. Anafumba macho, anangoja kesho. Sijui kama bila hilo neno angeamka.

Kuhusu kulisha ni kama ilivyoandikwa. Nyasi za vishada vyekundu, mbichi, za asubuhi. Nimemuuliza, kasema hivyo hivyo. Mimi nilikuwa mlisha makopo tu, mambo ya kuandika yalikuwa yenu wawili.

Nimekukamatia nondo kumi na mmoja kwenye pazia la jikoni asubuhi, bado wamelala. Wako kwenye kopo la maziwa ya unga. Kopo nirudishie.

Wifi


Chumba cha Wadudu
28 Machi

Wifi yangu,

Wamekufa tena.

Nilifanya yote kama yalivyoandikwa. Nyasi nilizifuata mwenyewe nyuma ya kituo cha maji, na goti langu hili. Nikazibadilisha kila asubuhi. Viwavi walitoka kwenye mayai wazima, weusi, wepesi, kama nukta zinazotembea. Siku ya tatu wakaanza kupanda kuta za kopo, wanazunguka, wanarudi. Hakuna aliyeng'ata hata jani. Siku ya tisa nikawamwaga. Nimefanya kazi hii miaka thelathini na nane na bado sipendi kumwaga viwavi waliokufa kwa njaa juu ya chakula.

Nikasema, hebu nitoe daftari. Kaka alilitoa kwa makumbusho miaka ile, liko kwenye kabati la karatasi, wala hakuna aliyewahi kulifungua. Unalikumbuka, lile la jalada la bluu. Kurasa zimepigwa mistari vizuri: tarehe, kopo, idadi, chakula. Mwandiko wa kaka, umenyooka kama wa karani. Halafu ghafla, wiki mbili nzima, si mwandiko wake. Ni wako. Alikuwa kwenye mafunzo, nakumbuka, alikaa kwangu.

Umeandika: "La kwanza wamekufa. La pili wamekufa. La tatu wamekufa." Kopo la nne: "Wamo tisa." Kesho yake wamo tisa. Keshokutwa tisa. Siku kumi wamo tisa, wananenepa. Na kwenye safu ya chakula, siku zote kumi, hukuandika kitu. Patupu. Hukuweka hata nukta.

Wifi, mimi na wewe hatujawahi kufichana. Nakuuliza bila hasira, na kama ni kweli sitakulaumu, wala yeye hatajua. Viwavi wake walipokwisha kufa, ulikwenda uwanjani ukaokota wengine kwenye ukoka ukajaza kopo? Ulimwonea huruma asirudi akakuta makopo matupu? Mwaka ule alikuwa amekosa cheo, nakumbuka alivyokuwa. Mke yeyote mwenye moyo angeweza kufanya hivyo. Lakini kama ndivyo, basi waliotoka kwenye lile kopo ni nondo wa ukoka, mzee wa kamati ana haki, na hakuna spishi hapo wala haikuwahi kuwapo.

Nijibu tu ndiyo au hapana. Nikijibiwa ndiyo nitalifuta jina mwenyewe, kwa mkono wangu, na ukurasa huo nitahakikisha haufiki kwenu.

Wifi yako


Nyumbani
4 Aprili

Wifi,

Futa.

Jina ni lako, si langu. Lifute.

Shuka zinaningoja.


Chumba cha Wadudu
10 Aprili

Wifi,

Barua yako ina maneno machache na nimeisoma siku tatu. Nimeibandika ukutani juu ya hadubini. Mfagiaji ameniuliza kama ni amri ya mkurugenzi.

Hukujibu ndiyo, hukujibu hapana. Umesema "jina ni lako". Nikakaa na hilo neno. Nikatoa ile makala ya kaka iliyochapwa, kurasa sita, nikaisoma kama mtu wa nje. Ukurasa wa mwisho anashukuru: kituo chake cha malisho kwa kumpa likizo, mkurugenzi wa wakati ule, na dada yake mpendwa, "ambaye bila yeye nisingefunguliwa kabati hata moja, na kwa heshima yake nondo huyu anaitwa." Nikatafuta wewe uko wapi. Nikarudi ukurasa wa kwanza. Nikatafuta tena. Loo, wifi! Makopo yalikuwa jikoni kwako. Miaka thelathini na moja nimejiona mtu mkubwa na nondo wangu, na siku moja sikujiuliza.

Mimi sikumwomba anipe jina, hilo nakuapia. Lakini alipolitoa sikumuuliza, "Na mkeo je?" Nilifurahi, nikanyamaza.

Na kwa kuwa leo tunasema, ngoja niseme na yangu. Kabla sijakuandikia ile barua ya Februari, nilikuwa nimeshamfuta. Kwa penseli, lakini nimemfuta. Unajua kwa nini? Kumwacha ni kurasa nne za maelezo, na kumfuta ni mstari mmoja. Nilikuwa nimechoka, nikaona nondo mwenyewe ana jina langu, nani atalalamika. Halafu nikapata aibu, nikakuandikia ili wewe unisaidie kuamua. Ndipo nikakurushia lile swali la kuokota viwavi, kana kwamba wewe ndiye mwenye kosa.

Nisamehe. Penseli bado ni penseli. Kama kuna kitu kilitokea kwenye hilo kopo, niambie, na kama hutaki, basi. Salamu zake pokea wewe, maana ukimpa atauliza zimetoka wapi.

Wifi yako asiye na haya


Nyumbani
19 Aprili

Wifi,

Amelala. Ametoka kula vijiko saba, tumshukuru Mungu. Naandika hapa kwenye ngazi ya jikoni, sikio moja liko mlangoni kwake.

Sikuokota kiwavi hata mmoja. Hilo kwanza. Kuhusu mengine sema utakavyo, lakini mimi sikumdanganya kwa wadudu.

Ilikuwa hivi. Alipokwenda kwenu aliniachia makopo manne na viwavi arobaini na saba, kawahesabu kama askari. Akaniambia: kila asubuhi shuka bondeni, kata nyasi za vishada vyekundu zikiwa na umande, badilisha, andika. Kule aliwaokota kwenye mizizi ya nyasi hizo, kwa hiyo kwake chakula kilikuwa kimeshajulikana. Na mimi nani nibishane. Huyu mkubwa wetu alikuwa tumboni, miezi minane. Miguu imevimba, kiatu hakiingii, nashuka bondeni na ndala za mume wangu.

Nikakata, nikabadilisha, nikaandika. Wanakufa. Nashuka tena, nakata zilizo laini zaidi. Wanakufa. Nilikuwa nawaongelesha, wifi, nawaambia kuleni jamani, atanila mimi. Makopo matatu yakaisha. La nne likabaki na tisa, wanyonge, wananing'inia.

Siku hiyo asubuhi nikashindwa. Nilifika mlangoni, nikaitazama ile njia ya kushuka, nikakaa chini. Nikasema sishuki, hata kama ni nondo wa dhahabu. Lakini kopo tupu nilishindwa kuliacha, nikaona vibaya. Pale bombani, kwenye saruji ambako maji yanadondoka siku zote, kulikuwa na yale majani madogo madogo ya kijani, yasiyofika hata nusu ukucha, yanayojitandika kama zulia. Nikachukua kijiko, nikakwangua kipande kama kiganja, nikakitumbukiza kwenye kopo na udongo wake. Ili tu kuwe na kijani. Kwa kweli sikufikiria lolote.

Jioni nimefunua, wanakula.

Kesho yake kila mmoja amejitengenezea kibomba cha hariri ndani ya zulia, anatoa kichwa, anang'ata, anarudi. Siku kumi niliwapa hilohilo. Kwenye daftari nikashindwa kuandika. Niandike nini? Jina la kile kitu silijui, na nikiandika "cha bombani" atajua sikushuka bondeni. Nikaacha patupu, nikasema akija nitamweleza kwa mdomo.

Siku moja kabla hajarudi nilishuka, nikakata nyasi zake nyekundu, nikaziweka juu. Hapo ndipo nilipokosea, nakubali. Nilitaka akute agizo lake limetimizwa. Alifungua kopo, akainua nyasi, akaona vifukofuko vitano. Wifi, yule mtu alipiga kelele jirani akatoka. Akaninyanyua na tumbo langu lote. "Nilisema! Nilisema ni nyasi hizi!" Mwaka ule mzima sikuwa nimemwona akicheka. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho yake akaanza kuandika makala.

Nilingoja nafasi. Kisha makala ikachapwa, akanisomea yote kwa sauti, mpaka kwenye shukrani. Dada yake mpendwa. Nikainuka, nikaenda kukoroga chai. Nikasema moyoni, basi, kaeni na nyasi zenu. Na kweli nikawaachia. Kila unapokuja hapa na kumtania na "nondo wangu", mimi nacheka na nyinyi kwa meno tu. Ulipoandika kwamba linaweza kufutwa, nilifurahi. Nimeandika, sifuti: nilifurahi siku mbili. Siku ya tatu nikafungua dirisha, akauliza "Orodha?", furaha ikaisha.

Nimekutumia majike tisa, na kipande cha lile zulia kwenye kitambaa kibichi. Bomba halijawahi kutengenezwa, kwa hiyo bado lipo. Fanya kazi yako. Mimi nimechoka kulibeba.

Na kopo la mwanzo hujarudisha.

Wifi


Chumba cha Wadudu
23 Mei

Wifi, wifi, wifi,

Wanakula!

Viwavi thelathini na wanne niliwaweka kwenye zulia lako. Leo ni siku ya ishirini na tano, wapo thelathini na mmoja, wanene hao, kila mmoja na kibomba chake cha hariri kama ulivyosema. Kumi wengine, ndugu zao wa tumbo moja, niliwapa nyasi nyekundu, wakafa. Kumi niliwapa ukoka, wakafa. Halafu nikachukua viwavi wa nondo wa kawaida, nikawapa zulia lako. Hawakuligusa, wiki haikuisha wakafa wote. Kwa hiyo wako wawili, wifi. Wanafanana mabawa na matumbo, wanaishi uwanja mmoja, na mmoja hawezi kuonja sahani ya mwenzake. Nimemwita mzee wa kamati aje aone. Amekaa mbele ya makopo nusu saa na kofia mkononi. Akasema, "Nondo wa nyasi asiyekula nyasi," akaomba maji ya kunywa.

Kile kitu chako kinaitwa kuvumwani. Nondo wa aina hiyo wanajulikana kwingine, wachache, lakini kwetu hakuna aliyewatafuta, kwa sababu wanaitwa wa nyasi na sote tunakwenda kwenye nyasi. Kaka aliwaokota kwenye mizizi, na kwenye mizizi kulikuwa na kuvumwani, akaangalia juu badala ya chini. Kosa hilo ningelifanya hata mimi. Nimelifanya, tena mara mbili, na hadubini ninayo.

Basi spishi inasimama. Nimefuta penseli.

Lakini kuna jambo ambalo siwezi kuliamua peke yangu. Ili asimame, inabidi niandike kilichomsimamisha. Nimeandaa maelezo ya namna mbili. Ya kwanza yanasema wazi: mmea uliotajwa na mwandishi wa kwanza si sahihi, kiwavi anakula kuvumwani, na aliyelijua hilo kwanza ni mke wake, aliyewafuga. Ya pili ni ya kuzungukazunguka: "pamoja na nyasi zilizotajwa, kiwavi hula pia kuvumwani." Ya pili ni uongo mdogo ambao hautaua mtu. Orodha itakapofika atataka asomewe, na wewe ndiye utakayesoma, na utamwona usoni. Mimi nitakuwa huku na makabati yangu. Kwa hiyo chagua wewe. Ukichagua ya pili nitaiandika na sitakuuliza kwa nini.

Jambo jingine. Kila nondo aliyetoka kwenye kopo la nne bado yupo kwenye droo, wote watano, na kila mmoja ana lebo tatu kwenye pini yake. Nataka kuongeza ya nne, chini kabisa: "Amefugwa na", halafu jina. Nilishika kalamu nikagundua nimekuita wifi miaka yote hii mpaka sijui jina la baba yako linavyoandikwa. Nitumie jina lako kamili, kama unavyotaka lisomeke.

Zimebaki wiki tatu.

Wifi yako


Nyumbani
2 Juni

Wifi,

Nimemwambia.

Sikungoja kuchagua kati ya maelezo yako mawili. Niliona nikichagua peke yangu nitakuwa nimefunika kopo kwa nyasi mara ya pili, na nguvu hizo sinazo tena. Jumanne asubuhi, nikiwa namfuta miguu, maana nikishika miguu yake hatuangaliani, nikaanza. Makopo matatu, bomba, kijiko, siku kumi, nyasi za juu. Nikasema yote mpaka kwenye shukrani na chai. Sikumficha hata ile furaha ya siku mbili.

Aligeuza uso ukutani. Siku ile alikula vijiko viwili. Jumatano nikafungua dirisha, nikasimama nangoja lile neno. Halikuja. Alhamisi pia. Wifi, nilijiona nimemuua kwa mdomo wangu, baada ya kumgeuza miezi kumi na minne asipate hata kidonda. Nilifua shuka ambazo hazikuwa chafu.

Ijumaa akasema, "Lete."

Nikamletea. Nilikuwa nafuga tena, sikukwambia, makopo mawili chini ya meza ya jikoni. Nikamwekea kipande cha zulia kifuani juu ya sahani, nikamshikia kioo cha kukuzia kwenye jicho lake zima. Akatazama mpaka nikabadilisha mkono. Kiwavi akatoka kwenye kibomba, akang'ata, akarudi. Akatoka tena.

"Hapo bombani," akasema. Anasema polepole, unajua, neno moja linapanda kama mzee kwenye ngazi. "Kila siku. Nanawa miguu hapo."

Nikasema ndiyo.

"Kopo la nne?"

Nikasema la nne.

Akafumba macho, nikadhani amelala. Kisha akauliza, "Siku ile. Ulikuwa umechoka?"

Miaka thelathini na moja, wifi. Nimeulizwa chakula kiko wapi, shati liko wapi, daftari liko wapi. Nikasema nilikuwa nimechoka sana.

"Pole," akasema.

Ilitoka nusu mdomo, na mate kidogo. Nikakaa sakafuni na kioo mkononi nikalia mpaka nikapitisha saa ya kumgeuza.

Baadaye nikamsomea maelezo yako, yote mawili. Ya pili hakunisubiri nimalize. Aliinua kidole, akasema, "Ya kwanza." Kwa hiyo andika ya kwanza, yaliyo wazi, na usiyapake asali. Amesema pia uandike kwamba viwavi waliokotwa kwenye mizizi na yeye hakutazama udongo. Ameng'ang'ania hilo la udongo, nimeandika kama alivyotamka.

Nondo abaki na jina lako. Nimeshalizoea, na kanuni zenu haziruhusu kubadilisha, nimemuuliza. Jina langu nimeliweka kwenye kikaratasi ndani ya bahasha hii, na la baba yangu pia. Nimeliandika kwa herufi kubwa, wewe utalipunguza litoshe kwenye pini.

Leo asubuhi nimefungua dirisha. Kabla sijafunga kamba ya pazia akauliza, "Orodha?" Nimemwambia bado. Sasa anakula vijiko vitatu, siku nzuri vinne, na daktari hapiti tena.

Fanya haraka, wifi.

Mke wa kaka yako, mlisha makopo